Ngozi ya Mama Mkwe

Gari langu lilipoacha kuchemsha, nilitakiwa niruke kwa furaha. Miaka mitatu nilikuwa naliunda kwa mikono yangu, kwenye banda la nyuma ya nyumba yetu, kando ya barabara ya Nzega hapa Tabora. Badala ya kuruka nilizima injini nikabaki nimeshika usukani, na mke wangu Nyamizi alipokuja na mtoto mgongoni kuuliza kama limekubali, nilishindwa kumtazama usoni.

"Limekubali," nikasema.

"Sasa mbona umenuna kama umefiwa?"

Nikamwambia nimechoka. Uongo huo, na ndio ulikuwa mdogo kuliko yote niliyokuja kusema.

Niwaeleze shida ilikuwa nini, msije mkadhani mimi ni chizi niliyeamka siku moja nikavunja heshima ya watu. Siku hizi magari yanajiendesha yenyewe. Unaingia, unasinzia, unafika. Sisi wachache tuliobaki na kichaa cha usukani tumeachiwa siku moja kwa mwaka, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa nane, barabara inafungwa kwenda bwawa la Igombe na kurudi, na yanapita magari ya kuunda nyumbani peke yake. Sharti lisizidi kilo mia tano, na linywe spiriti ya mihogo. Langu ni jekundu, chini kabisa, mwili wake ni nyuzi za katani na gundi. Injini niliiweka katikati, nyuma ya kiti, ili likate kona bila kuyumba.

Hapo ndipo nilipojichongea. Injini nyuma, rejeta mbele, maji yanasafiri mita tatu kwenda na tatu kurudi chini ya sakafu, na hewa ikinasa kwenye mpira mmoja tu, umekwisha. Nilitoboa tundu la kutolea hewa juu ya silinda hedi. Hewa ikatoka, joto likabaki. Nikaongeza rejeta ya pili, uzito ukapita. Nikafunga feni mbili, betri ikalia. Kila nikifika kilomita ya kumi na tisa, geji inagonga mia na kumi na nane, mvuke unanipanda mgongoni, nashuka nasukuma. Majirani wakalipa jina: Birika. "Misigalo, Birika limeiva? Tulete majani ya chai?" Nacheka nao, moyoni nawaka kuliko injini.

Ndipo nikamwendea Zahoro, mwenye maabara ya ngozi jasho pale karibu na soko. Ngozi yenyewe mnaiona kila siku kwenye mapaa ya shule na kwenye transfoma, ile nyororo ya kahawia, inakunywa maji ya sukari kwa mrija na kutoa jasho jua likiwaka. Inaoteshwa kutoka kwenye chembe za mtu, na sheria yake kubwa ni kwamba mwenye chembe akubali mwenyewe, kwa kidole gumba chake. Zahoro alichukua chembe zangu, akaniotesha mita mbili za mraba. Nikaitandaza juu ya mirija ya shaba, maji ya injini yakipita kwanza kwenye rejeta ndogo ili yasiiunguze. Siku tatu nikawa mfalme. Siku ya nne ikaganda ukoko mweupe, vitundu vyote vikaziba, ikafa.

"Chumvi," Zahoro akasema, akiukwangua kwa kucha. "Ndugu yangu, kwa jasho lako mtu anaweza kukaushia samaki."

"Nifanyeje?"

"Tafuta mtu aliyezoea moto. Mwili uliokaa na joto miaka mingi hauchezei chumvi, unairudisha ndani, unatoa maji matupu. Na unatoa mengi, mapema."

Nikamjibu mtu wa hivyo nitampata wapi. Na nilipokuwa nasema hivyo, nilikuwa nimeshamjua.

*

Mama mkwe wangu, Bi Kalunde, alikuwa amekuja kwetu kumlea Nyamizi arobaini ya uzazi. Miaka thelathini amechemsha chumvi Uvinza, amesimama mbele ya makarai ya maji ya chumvi yanayotokota, kasia la mti mkononi. Alipika uji wa mzazi kwenye kuni, mchana wa jua kali, jasho linamtiririka kama amemwagiwa kata ya maji, na khanga yake ikikauka haina hata alama nyeupe. Fulana zangu mimi zikikauka zina ramani.

Niliyaona haya, na hapo ndipo aibu inapoanzia. Sikutakiwa kuyaona. Kwetu mkwe humtazami. Ukikutana naye njiani unapisha kando, unainama, unasalimia ukiangalia chini. Humpi mkono, huli mbele yake, hutaji jina lake, huingii anapolala. Ukitaka neno naye unamtuma mkeo. Miaka sita ya ndoa, sauti yake ikinielekea mimi moja kwa moja sikuwahi kuisikia. Na mimi mtu mzima nimesimama nyuma ya mlango wa banda, namkagua mama wa watu jasho kama fundi anayekagua rejeta ya mtumba.

Ningemwomba vipi? Jaribuni ninyi. Nimtume Nyamizi akamwambie, "Mama, mkweo anaomba ngozi yako akaivalishe gari"? Nimtafute mshenga yuleyule aliyepeleka posa yangu, arudi na barua ya pili? Nikajiambia heshima hainiruhusu kuomba. Basi nikaiba. Tazameni akili ya mwanamume: nilimheshimu mno kiasi cha kushindwa kumwomba, nikamheshimu vilevile kwa kumwibia.

Alikuwa na sugu kubwa kiganjani, la kasia. Siku moja akiwa bafuni alilikata kwa wembe, akalifunga kwenye kipande cha gazeti akalitupa. Mimi nikaingia baada yake. Kilikuwa kipande kama punje ya hindi, chini kina damu kidogo. Nikakiweka kwenye kikopo cha dawa, nikampelekea Zahoro, nikamwambia ni changu, cha kisigino, na kidole gumba nikabonyeza mimi.

Ilipoota ilikuwa nzuri, jamani. Nyeusi kuliko yangu, inang'aa, inatoa maji matamu. Tatizo likabaki moja: ngozi inasubiri joto ndipo ifunguke, na injini ya mbio haisubiri. Ukikanyaga mafuta, sekunde arobaini joto limeshapanda. Ngozi inaamka dakika ya pili. Nikaifunza. Kila jioni nikitoka kazini naitandaza mezani, naitetemesha kwa mota ya mashine ya kusaga, papo hapo naiwashia taa ya joto. Baada ya wiki tatu nikaacha taa, nikaitetemesha tu. Ikatiririka. Kufunza ngozi ni marufuku, kwa sababu ikishafunzwa hakuna ajuaye namna ya kuisahaulisha. Nilijua hilo vizuri sana. Nikaifunga kwenye gari, nikaenda kilomita sitini bila geji kugusa tisini.

Na gari likaanza kunuka harufu yake. Moshi wa kuni na samli. Ndiyo maana sikuweza kumtazama mke wangu.

*

Siku tisa kabla ya mbio Bi Kalunde akarudi kwao Uvinza. Siku ya tano akiwa huko akaenda kumshikia zamu mwenzake aliyefiwa, karai likapinduka. Maji ya chumvi yanayochemka yalimshika mikono yote miwili, mabega, shingo na kifua. Walimleta Tabora kwa gari la wagonjwa, na sisi tukakimbilia hospitali.

Daktari wa majeraha ya moto, mama mmoja mfupi aitwaye Ntimba, alituita pembeni ya wodi. Hakuzungukazunguka.

"Ngozi iliyobaki nzima haitoshi kumfunika. Tunaweza kumwoteshea yake mwenyewe, mwili wake hautaikataa, lakini inachukua siku ishirini na nne. Maji yanamtoka mwilini kila saa. Kwa hali hii sidhani kama atafika siku sita."

"Si mchukue yangu!" Nyamizi akalia. "Mimi mwanawe!"

"Yako itakaa siku chache tu, mwili utaitupa. Inatakiwa yake."

Mita mbili za mraba za ngozi yake zilikuwa zimefungwa kwa skrubu kumi na sita nyuma ya kiti changu.

Ningependa kuwaambia kwamba nilifungua kinywa pale pale. Sikufungua. Nilikwenda nje nikanunua maji ya kunywa ambayo hakuna aliyeniagiza. Nikakaa kwenye benchi chini ya ukuta wa chumba cha eksirei, nikatafuta njia ya kusema bila kusema. Labda nimwachie Zahoro aseme. Labda niifungue ngozi, niiweke kwenye boksi la barafu, niitupe mlangoni na karatasi. Nilifikiria hata mbio, Mungu anisamehe. Nilifikiria Jumamosi, na watu wanaoniita Birika. Saa nne nzima zilipita. Mficha uchi hazai, tunasema, na mimi uchi niliokuwa nauficha haukuwa hata wangu.

Kilichoniinua ni Nyamizi. Alitoka wodini akaja kukaa karibu yangu, akaniegemea begani, akasema, "Asante kwa kuwepo, baba Tuma." Nikasimama kama niliyeungua, nikaenda kugonga mlango wa daktari.

Nilimweleza yote ya wizi. Sugu, gazeti, kidole gumba. Aliacha kuandika.

"Iko hai?"

"Iko hai. Leo asubuhi nimeilisha."

"Mlete mkeo. Mgonjwa ana akili zake, lazima aridhie, na mimi siendi kumwambia peke yangu."

Nikamwambia Nyamizi mbele ya daktari, kwa sababu niliogopa kumwambia tukiwa wawili. Hakupiga kelele. Ningepona kama angepiga kelele.

"Kwa hiyo majirani wote wanaokuja kushangaa gari," akasema taratibu, "wanashika, wanabonyeza, wanasifia, walikuwa wanamshika mama yangu. Umemvua mama yangu nguo barabarani, Misigalo."

"Nisamehe."

"Kaa kimya. Kwanza apone."

Akaingia nyuma ya pazia. Mimi nikabaki upande wa pili, nimeinama, nasikia sauti ya mke wangu ikinong'ona kwa Kinyamwezi, ikikatika, ikianza upya. Kisha sauti nyingine, nyembamba, inayopumua kwa taabu. Nyamizi akatoka macho mekundu.

"Anauliza linakimbia kiasi gani."

"Nini?"

"Gari. Anauliza linakimbia kiasi gani."

"Mwambie... mia mbili na kumi."

Akarudi ndani. Nikasikia kitu kama kikohozi, au kicheko cha mtu asiye na nguvu ya kucheka. Nyamizi akachungulia tena. "Anasema basi si ngozi mbaya. Anasema muilete."

Nilitaka ardhi ipasuke. Angenitukana ningejua pa kujiweka.

Daktari Ntimba akashika kalamu. "Swali la mwisho. Hii ngozi imechezewa? Imefunzwa chochote?"

Nyamizi alikuwa amesimama pale pale, mkono kwenye pazia, ananitazama.

"Hapana," nikasema.

*

Niliifungua mwenyewe, na nesi mmoja amenishikia boksi la baridi. Skrubu kumi na sita. Kila nikifungua moja injini inaonekana zaidi, chuma kitupu na mipira. Ngozi ilikuwa na jotojoto mikononi, na nilipoiinua mota ya friji ya boksi ikanguruma, nayo ikatoa jasho kidogo kwenye vidole vyangu. Nesi akasema, "Ina uhai kweli hii." Nikasema ndiyo.

Jumamosi ya mbio sikuiona. Bi Kalunde alikuwa chumba cha upasuaji na baada ya siku tatu daktari akasema imeshika. Baada ya wiki tatu tukamleta nyumbani kwetu apumzike, mikono imefungwa bendeji toka viganjani hadi viwikoni, vidole havijakunjika bado. Tukampa chumba cha mbele chenye hewa.

Chumba cha mbele kinatazama barabara.

Pikipiki ya kwanza ilipita asubuhi ile ile, na bendeji zikalowa. Nyamizi akadhani ni homa. Daktari alikuja akapima, hakuona homa. Akasema huenda ni mshtuko wa ajali. Lori likipita godoro linalowa. Wageni wakaja kumjulia hali, yeye anazungumza vizuri, ghafla jasho linamchuruzika mikononi na mabegani tu, usoni mkavu, wageni wanatazamana. Wiki haikuisha mtaa ukaanza kusema amerogwa huko Uvinza. Akaacha kupokea wageni. Akawa anajifunika shuka nzito na joto lote lile, na mara mbili akazimia kwa kukaukiwa maji.

Mimi nilijua. Nilikuwa nakoroga maji ya sukari na chumvi, karibu yaleyale niliyokuwa nalisha gari, naweka jagi mlangoni pake asubuhi, mchana na jioni. Nyamizi akaanza kulainika. "Angalau unamjali," akaniambia, nami nikaenda kukoroga jagi jingine.

Siku ya kumi na moja Nyamizi alikwenda kliniki na mtoto. Nilikuwa naweka jagi chini niondoke, sauti ikatoka ndani.

"Misigalo."

Jina langu. Nikapiga magoti pale kizingitini, macho kwenye sakafu.

"Naam, mama."

"Ingia. Adabu yako ilishakwisha zamani, usiisimamie mlangoni."

Nikaingia nikapiga magoti mbali na kitanda.

"Mimi nimechemsha chumvi miaka thelathini," akasema. "Karai likiharibika sisemi limerogwa. Natazama. Nimelala hapa nikatazama. Pikipiki, nalowa. Lori, nalowa. Mashine ya kusaga ya jirani, nalowa. Jua likiwaka, mikono mikavu. Nyamizi akiniletea uji wa moto, mikavu. Ngozi yangu uliifundisha nini?"

Ningeweza kusema sijui. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimeshafika mwisho wake.

"Niliifunza mtetemo, mama. Ikihisi injini ifunguke kabla ya joto."

"Daktari alijua?"

"Aliniuliza. Nikamwambia hapana."

"Kwa nini?"

"Niliogopa angekataa kuitumia, na wewe..."

"Usinitumie mimi tena," akanikata. "Umeshanitumia vya kutosha. Kwa nini?"

Nikavuta pumzi. "Nyamizi alikuwa amesimama pale. Sikutaka anione nimeongeza lingine."

Nje ng'ombe wakapita, mchungaji akipiga mluzi.

"Inaweza kusahau?"

"Sijui, mama. Hakuna anayejua. Daktari angeambiwa, huenda angejaribu kitu kabla haijashika."

"Na sasa imeshika."

"Imeshika."

Alifumba macho. Niliona machozi yakishuka kwenye masikio, na nilitamani kutoka, lakini nilijua nikitoka tu basi nimetoka kwenye utu.

"Ukweli huu utamwambia Nyamizi mwenyewe, leo, akirudi," akasema. "Na daktari vilevile. Mimi sitakuwa mshenga wako."

"Sawa, mama."

Lori likaja. Tulilisikia toka mbali wote wawili, likipanda mwinuko, vioo vya dirisha vikaanza kuimba. Jasho likatoka mabegani na chini ya bendeji, likapita kwenye viwiko, likaanza kudondoka kwenye shuka. Alijaribu kunyanyua mkono, vidole vikakataa.

"Linaingia kwenye kidonda cha shingo. Linachoma," akasema. "Nifute."

Sikusogea. Miaka sita sijawahi hata kumpa mkono.

"Mbona ulipokuwa unanifunga skrubu hukuona haya? Nifute, mwanangu."

Nikachukua kitambaa kilichokuwa kwenye kiti. Nikaanza na shingo, nikaja begani, nikaushika mkono wake kwa chini, mzito, wa moto, unateleza, nikaufuta polepole hadi kwenye bendeji. Ilikuwa ngozi niliyoijua kila mstari wake. Nikahamia mkono wa pili. Kabla sijamaliza pikipiki mbili zikapita zikifukuzana, nao wote ukalowa tena, nikaanza upya.

Nilikuwa bado nimemshika mama mkwe mkono, Nyamizi alipofungua mlango, mtoto mgongoni, kadi ya kliniki mkononi. Akamtazama mama yake, akatazama mkono wangu ulipo. Bi Kalunde aligeuza uso ukutani. Nami nikaanza kusema, na kitambaa sikukiacha, kwa sababu kulikuwa na gari lingine linakuja.